Zenolithi: Jiwe Geni na Halijoto ya Lithosfea

Zenolithi ni kipande cha mwamba ambacho magma ilikibandua ilipokuwa ikipanda, ikakibeba bila kukiyeyusha, kisha kikagandia ndani ya lava au jivu la volkeno lisilo la asili yake. Istilahi hii imetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya mgeni na jingine jiwe. Kwa Kiswahili chepesi ni jiwe geni, na darasani jina hilo linatosha. Katika maandishi ya kitaalamu zenolithi inafaa zaidi, kwa kuwa jiwe lolote lisilozoeleka, hata kokoto iliyosombwa na mto, huweza kuitwa geni, ilhali zenolithi ni ngeni kwa magma iliyoibeba, si kwa mtu aliyeiokota. Istilahi hii pia ina ndugu yake, zenokristali, yaani chembe moja ya madini iliyobebwa kwa namna hiyo hiyo, na si vizuri ndugu hao watenganishwe kwa majina yasiyofanana.

Zenolithi nyingi hazijatoka mbali. Magma inayopita katika granaiti hubandua granaiti, na vipande vya namna hiyo havisemi lolote kuhusu kina kirefu. Zinazohusika hapa ni zenolithi za mantili, tabaka lililo chini ya ganda la dunia. Huwa nzito kuliko mawe ya kawaida ya ukubwa huo huo, na nyingi ni peridotaiti: mwamba wa kijani uliojaa madini ya olivini, wenye pairoksini za aina mbili, moja ya rangi ya kahawia au kijani kilichofifia na nyingine ya kijani kikali, na pengine vidoa vya ganeti nyekundu inayoelekea zambarau. Kisima kirefu kuliko vyote vilivyowahi kutobolewa kwa ajili ya utafiti, cha Kola nchini Urusi, kiliishia kwenye kina cha kilomita 12 na kidogo. Ganda la dunia chini ya Usukuma lina unene wa takriban kilomita 40. Kwa hiyo hakuna mgodi wala kisima kitakachofika kwenye mantili ya Shinyanga au Geita, na anayetaka kuishika mkononi hana budi kusubiri volkeno imletee.

Lithosfea ni istilahi ya pili inayohitaji uangalifu. Ganda na mantili hutofautishwa kwa aina ya mwamba. Lithosfea hutambuliwa kwa ugumu. Ni ganda zima pamoja na sehemu ya juu ya mantili ambayo imepoa kiasi cha kutotiririka, na mpaka wake wa chini uko pale ambapo halijoto inafikia yapata nyuzi 1,300 za Selsiasi na mwamba, ingawa bado ni yabisi, unaanza kujongea polepole. Kuuliza lithosfea ina unene gani, basi, ni kuuliza halijoto inaongezeka kwa kasi gani kadiri mtu anavyoshuka. Hapa Kiswahili kimepata bahati, kwa sababu tayari kinatenganisha joto na halijoto. Joto ni nishati inayosafiri kutoka pamoto kwenda pabaridi; halijoto ni kipimo cha hali ya kitu mahali kilipo. Visima vya migodini hupima joto linalotoka ardhini. Zenolithi hutoa halijoto ya kina fulani. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobeba hoja nzima kuhusu mantili ya Tanzania.

Kanda ya Ziwa imekaa juu ya Kratoni ya Tanzania, bonge la bara lililokwisha kutulia zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Dhahabu ya Geita imo katika mikanda ya miamba ya kale ya volkeno na mashapo ya kratoni hiyo. Almasi zilikuja kwa njia nyingine. Mwadui, iliyoko katika Wilaya ya Kishapu ambayo makao yake makuu ni Mhunze, ni bomba la kimberlaiti, yaani mdomo wa volkeno ya aina ya pekee ambayo magma yake huanzia kwenye kina cha zaidi ya kilomita 150. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliligundua mwaka 1940. Uso wake una ukubwa wa hekta 146, na hilo linaliweka miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya kimberlaiti yaliyowahi kuchimbwa duniani. Lililipuka katika enzi ya Eosini, yapata miaka milioni 40 hadi 52 iliyopita, na tangu hapo mmomonyoko umelila kidogo sana, hata mashapo yaliyojaza kreta baada ya mlipuko yangalipo. Almasi ndizo zilizolipatia Mwadui jina, hasa ile ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 ambayo Williamson alimzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Kwa mtafiti wa mantili, ganeti ndogo ambayo mchekechaji wa mji jirani wa Maganzo huiweka kando akiitafuta almasi ina habari nyingi kuliko jiwe hilo la kifalme.

Jambo la kwanza ambalo zenolithi hulieleza kabla hata ya kupimwa ni kasi ya safari. Peridotaiti ina uzito wa takriban gramu 3.3 kwa kila sentimita ya ujazo, mkubwa kuliko wa magma inayoibeba. Magma ikipanda taratibu, jiwe huzama na kubaki nyuma. Kwa kuwa limefika juu, kupanda kulikuwa kwa haraka: makadirio ni saa kadhaa hadi siku chache kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100. Almasi zinashuhudia hivyo hivyo, kwani zingechelewa njiani katika moto mkali na kanieneo ndogo (kanieneo ni kani inayobana kila eneo la mwamba) zingegeuka grafaiti au kuyeyukia katika magma. Wepesi huo ndio unaofanya zenolithi iaminike. Madini yake yalisawazishana kikemia kwa muda mrefu mno yalipokuwa mantilini, kisha yakaletwa juu upesi kiasi kwamba kemia haikupata nafasi ya kubadilika, isipokuwa kwenye kingo za chembe. Mpimaji hupima kiini cha chembe na kuzitilia shaka kingo.

Upimaji wenyewe unategemea tabia ya pairoksini mbili zilizotajwa. Moja hupenda magnesiamu na kuikataa kalsiamu. Nyingine huchukua kalsiamu kwa wingi. Katika halijoto ya chini kila moja hushikilia tabia yake kwa ukali. Halijoto inapopanda mipaka hulegea: ile ya magnesiamu hukubali kalsiamu kidogo zaidi, na ile ya kalsiamu hupoteza sehemu ya kalsiamu yake. Katika maabara, mchanganyiko wa aina hiyo umepikwa mara nyingi kwenye mitambo ya kanieneo kubwa, kwa halijoto zinazojulikana, hata ikapatikana milinganyo inayogeuza kiasi cha kalsiamu kuwa nyuzi. Mlinganyo wa G. P. Brey na T. Köhler wa mwaka 1990 ni mmoja wa inayotumika sana. Zenolithi hukatwa vipande vyembamba, hung'arishwa, kisha mwali wa elektroni wenye upana wa maikromita chache hulenga kiini cha kila chembe na kutoa muundo wake.

Halijoto bila kina haina faida kubwa. Kina hupatikana kutokana na kanieneo, na kanieneo husomwa katika aluminiamu. Pairoksini ya magnesiamu inayoishi pamoja na ganeti huwa na aluminiamu. Kanieneo ikiongezeka, aluminiamu huhama kutoka kwenye pairoksini na kuingia kwenye ganeti. Gigapaskali moja ya kanieneo inalingana na kina cha zaidi ya kilomita 30 kidogo. Makosa ya vipimo hivi ni ya makumi machache ya nyuzi na kilomita kumi hivi, si madogo ya kupuuzwa, ila ni madogo kuliko tofauti zinazotafutwa. Sharti lililo gumu zaidi ni ganeti yenyewe. Peridotaiti iliyotoka juu ya kina cha kilomita 50 hadi 80 haina ganeti bali ina spineli, na spineli hutoa kina kwa ukadiriaji hafifu sana. Volkeno ndogo ya Olmani karibu na Arusha ni mfano: zenolithi zake zimefunza mengi kuhusu namna majimaji ya kaboneti yalivyoigeuza mantili ya kaskazini mwa Tanzania, lakini kwa kukosa ganeti haziwezi kuchora picha ya halijoto na kina.

Zenolithi nyingi za volkeno moja zikipimwa, kila moja huwa nukta yenye halijoto yake na kina chake, na nukta hizo zikiunganishwa hutokea mstari unaoshuka kutoka kwenye uso wa dunia hadi chini ya lithosfea. Wataalamu huuita jiothemu. Kiswahili kina jotoardhi, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na nishati ya mvuke inayotafutwa katika Bonde la Ufa, na kulitumia hapa kungeleta mkanganyiko. Mstari wa halijoto kwa kina unaeleweka, hata kama ni mrefu. Francis Boyd wa Taasisi ya Carnegie nchini Marekani ndiye aliyeuchora kwa mara ya kwanza kwa kutumia pairoksini, katika makala ya mwaka 1973 kuhusu zenolithi za Lesotho. Nukta zake za chini zilionekana kupinda ghafla kuelekea kwenye halijoto kubwa, na mabishano yakafuata kwa miaka mingi: je, pindo hilo ni hali ya kudumu ya chini ya lithosfea, ni moto wa muda mfupi uliotangulia mlipuko, au ni kasoro ya milinganyo ya wakati ule? Milinganyo ilipoboreshwa pindo lilififia mahali pengi, ingawa si kila mahali.

Mwadui inapimwa kwa njia ya mzunguko kidogo. Kimberlaiti iliyokaa chini ya mvua na maji ya ardhini kwa mamilioni ya miaka hubadilika, olivini ikageuka serpentini, na zenolithi nzima iliyo safi si kitu cha kuokotwa kila siku. Kinachobaki imara ni zenokristali za ganeti, ambazo kiasi cha nikeli ndani yake huongezeka pamoja na halijoto, na almasi zenyewe. Grafaiti na almasi hugawana mantili kwa mpaka unaojulikana. Kwenye halijoto ya nyuzi 950 kaboni huwa almasi ikiwa kanieneo inazidi takriban gigapaskali 4.3, yaani chini kidogo ya kilomita 135. Halijoto ikiwa nyuzi 1,400, mpaka huo hushuka hadi yapata gigapaskali 5.4, kina cha kilomita 170. Ili almasi ziwepo katika lithosfea, basi, lithosfea lazima iwe nene na baridi kwa pamoja. Mgodi wa Mwadui ni ushahidi kwamba mantili ya chini ya Kishapu ilikuwa na sifa zote mbili wakati wa mlipuko.

Wakati wa mlipuko: maneno hayo matatu hayafai kurukwa. Zenolithi haitoi halijoto ya leo. Inatoa halijoto ya siku ilipong'olewa, na madini yaliyofungiwa ndani ya almasi yanaweza kurudi nyuma zaidi. Chembe mbili zilizotengana ndani ya almasi moja haziwezi kubadilishana kemia kupitia almasi, kwa hiyo hubaki na halijoto ya siku almasi ilipokua, ambayo huenda ni mabilioni ya miaka iliyopita. Chembe mbili zinazogusana huendelea kubadilishana na hufuata kupoa au kupashwa moto kwa mantili inayozizunguka. Aliyesoma namba zote hizo kama za wakati mmoja atakuwa amechanganya enzi.

Kwa bahati nzuri Tanzania ina volkeno changa zilizopita karibu na kratoni hiyo hiyo. Zaidi ya kilomita 200 kusini-mashariki mwa Mwadui, karibu na Mlima Hanang, kuna kilima cha Labait, volkeno ya lava ya melilitaiti iliyolipuka chini ya miaka milioni moja iliyopita kwenye ukingo wa mashariki wa kratoni. Zenolithi zake zilichunguzwa na Cin-Ty Lee, Roberta Rudnick na John Chesley, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Kemia ya osimiamu ilionyesha kwamba lithosfea hadi kina cha takriban kilomita 140 ni ya kale, yenye umri wa karibu miaka bilioni 2.8, yaani ni mantili ya kratoni yenyewe iliyokaa mahali pake tangu enzi ya Arkea. Hadi hapo hakuna la kushangaza. Lililoshangaza ni halijoto ya zile za chini kabisa: karibu nyuzi 1,400 kwenye kina cha takriban kilomita 140. Kwa mpaka uliotajwa, kaboni iliyo mahali hapo leo ni grafaiti. Mantili ya kale ya Labait imepashwa moto kutoka chini, na sehemu ya chini kabisa ya lithosfea hiyo ina chuma zaidi na alama za kuchanganyika na magma changa zaidi.

Lashaine, kilima cha jivu karibu na Monduli, kinatoa fundisho tofauti. J. Barry Dawson, Mwingereza aliyeutumia muda mwingi wa maisha yake ya kazi kwenye volkeno za kaskazini mwa Tanzania, alikifanya kijulikane kwa peridotaiti zenye ganeti ndani ya lava isiyo kimberlaiti, jambo lililo nadra. Lashaine iko nje ya mpaka wa kratoni unaochorwa kwenye ramani, ndani ya Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba michanga kuliko kratoni, na iko ufani kabisa. Mtu angetarajia moto zaidi kuliko wa Labait. Kumbe kwa kina kile kile zenolithi zake zinaonyesha halijoto ndogo zaidi, inayokaribia ile ya kratoni, na kemia yake ni ya mantili kongwe iliyokamuliwa magma mapema sana. Kratoni, kwa hiyo, inaendelea chini ya miamba michanga ya juu kuelekea mashariki, na joto la ufa halijasambaa kwa usawa. Kwa maoni yanayoweza kutetewa, hili ni moja ya mambo muhimu zaidi ambayo mawe ya kaskazini mwa Tanzania yamefundisha, kwani hakuna ramani ya miamba ya juu ambayo ingelionyesha.

Sasa joto linarudi kwenye hoja. Andrew Nyblade na wenzake walipokusanya vipimo vya visima mwaka 1990, walipata kwamba joto linalotoka kwenye uso wa Kratoni ya Tanzania ni wastani wa miliwati 34 kwa kila mita ya mraba, karibu nusu ya wastani wa mabara. Kwa kipimo hicho peke yake, kratoni yote ingeonekana baridi na tulivu hadi chini. Labait inasema si hivyo. Pande zote mbili ziko sahihi, kwa sababu joto husafiri katika mwamba kwa upitishaji pekee, na upitishaji ni wa polepole mno: moto ulioanza chini ya kilomita 140 huchukua makumi hadi mamia ya mamilioni ya miaka kuonekana wazi juu, na ufa wa Afrika Mashariki haujafikisha umri huo. Visima vya Shinyanga vinapima habari za kale; zenolithi za Labait zinapima za juzi. Mawimbi ya mitetemo yanaunga mkono picha hiyo. Vituo vya muda vya kupima matetemeko vilivyowekwa Tanzania mwaka 1994 na 1995 viliwezesha kuona lithosfea ya kratoni yenye unene wa yapata kilomita 150, na chini yake mantili inayopitisha mawimbi polepole kuliko kawaida, dalili ya moto.

Ushahidi wa zenolithi una upendeleo wake. Volkeno hailipuki popote. Hulipuka pale ambapo magma imepata njia, na mara nyingi hapo ndipo pamoto zaidi. Magma inayokaa kwenye mfuko wa kina kirefu kabla ya kupanda inaweza kupasha moto mwamba wa kando yake kwa miaka mia chache tu, ukaonekana kama hali ya eneo zima. Ndiyo maana kipande kimoja chenye halijoto kubwa hakitoshi. Hutafutwa nguzo ya vipande vya vina mbalimbali vinavyokubaliana. Wakati mwingine jiwe lenyewe hubeba historia ya mabadiliko. Katika zenolithi za Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuna mafungu ya spineli na pairoksini yaliyochukua nafasi ya ganeti zilizotoweka, ishara kwamba mantili hiyo iliinuliwa kutoka kina kikubwa zaidi ufa ulipokuwa ukilinyoosha bara, na ikapoa baadaye.

Mantili ya chini ya Mhunze yenyewe haijaletewa mjumbe mpya tangu Mwadui ilipolipuka. Volkeno changa iliyo ndani ya kratoni, na ya aina ya kimberlaiti, ni Vilima vya Igwisi mkoani Tabora, zaidi ya kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mwadui. Vilima hivyo vitatu vidogo vina umri wa takriban miaka 12,000, na ndivyo vichanga kuliko kimberlaiti zote zinazojulikana duniani. Lava yake imejaa punje za olivini zilizoviringika njiani, nyingine zikiwa na ganeti na pairoksini ndani yake. Kwa lithosfea ya Shinyanga ya leo, hesabu hufanywa kwa kuunganisha mawimbi ya mitetemo, joto la visima, na nukta za Igwisi na Labait zilizo pande mbili za eneo hilo. Nukta ya Mwadui inabaki kuwa ya Eosini.